Kisanduku cha Nne

Jumatatu, 6 Aprili 2009. Kitale

Mashine imefika kutoka Eldoret, imefungwa blanketi mbili kama mgonjwa. Jeruto, mwenye saluni, aliizunguka mara tatu akatangaza kwamba sasa Kitale ina leza. Nikamwambia si leza. Mimi ndiye niliyekaa siku mbili Eldoret nikifundishwa kuitumia, na Kipsang, fundi wao, alitueleza kabla hata ya chai ya kwanza: huu ni mwanga mkali unaowaka na kuzima, jamaa ya flashi ya kamera. Leza ni kitu kingine.

"Viola, bana," Jeruto akasema, "nani atatoka Tuwan akuje kutafuta flashi? Watu wanajua leza. Wewe andika leza."

Nikaandika. Nina mwandiko mzuri, ndiyo shida yangu. Kibao kiko mlangoni tayari: LEZA. NDEVU, CHUNUSI, MADOA.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua bado. Hakuna mteja. Nimesoma kitabu cha mashine chote. Kila mteja ana fomu, na kwenye fomu kuna visanduku sita vya rangi, kuanzia nyeupe ya maziwa hadi nyeusi kabisa. Unamtafutia mtu kisanduku chake, kisha unaweka nguvu ya mwanga kulingana nacho: rangi ikizidi weusi, nguvu inapungua. Ukurasa wa tisa unasema cha tano ni kwa tahadhari na cha sita usiguse. Unasema pia umulike kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio, usubiri siku kadhaa, ndipo uendelee.

Nilimwonyesha Jeruto ukurasa wa tisa. Akasema tukiufuata tutabaki kumulika ng'ombe wa maziwa peke yao. Nilicheka, na bado nacheka ninapoandika.

Jumamosi, 11 Aprili

Wateja watatu kabla ya Pasaka. Wa kwanza Chemutai, anayeuza viatu sokoni, mwenye madoa ya chunusi mashavuni. Alisema mwanga unauma kama mpira uliovutwa ukaachiliwa.

Nimegundua jambo: Kitale haina mtu mweusi. Nikiwapa fomu, kila mmoja ananyosha kidole kwenye kisanduku cha tatu au cha nne. Na mimi nawasaidia. Hapa kwetu kumwambia mtu uso kwa uso kwamba ni mweusi ni kama kumwambia amezeeka. Kwa hiyo nasema, "Wewe ni maji ya kunde, dada, ni jua tu limekupitia." Wanatabasamu, wanakaa vizuri kitini. Ni adabu ya kazi hii, nilijifunza nikiuza poda.

Alhamisi, 23 Aprili

Leo nimemwona Mwalimu Agneta. Niliutambua mkono wake kabla ya uso.

Alinifundisha nyumbani kwetu Kabuchai kuanzia darasa la nne hadi la nane. Katika kila picha ya shule amesimama nyuma, mkono kidevuni, kama mtu anayefikiria jambo zito. Sisi wasichana tulidhani ni madaha. Tuliiga. Kuna picha yetu ya darasa la nane ambapo wasichana kumi na tisa wote wameshika videvu.

Aliingia hivyohivyo, mkono kidevuni, akafunga mlango mwenyewe. Akauliza kama kuna mtu nyuma ya pazia. Kisha akashusha mkono.

Ana ndevu. Si nywele mbili tatu za uzee, ni ndevu za kweli, zimekatwa karibu, na katikati vidonda vidogo vya wembe. Alisema zilianza akiwa na miaka ishirini na sita. Kila alfajiri, kabla ya sala, kibano na wembe. "Mzee amekufa hajui," alisema. "Miaka ishirini na nane tumelala kitanda kimoja, na huyo mtu hajui."

Anastaafu tarehe thelathini na moja Julai. Watamfanyia sherehe, mpiga picha atatoka Bungoma mjini. "Nataka picha moja, Viola, mikono ikiwa chini. Moja tu. Nikasikia ati msichana wangu wa darasa la nane ako na leza."

Nilipaswa kusema pale. Nilimpa fomu.

Na hapa nataka kuandika kila kitu kama kilivyokuwa. Mwalimu alivaa miwani yake, akaangalia visanduku sita kama anasahihisha, kisha akaweka kidole kwenye cha mwisho. "Mimi ni huyu, si ndiyo?"

Mimi nikakishika kidole cha mwalimu wangu, nikakivuta nyuma. "Hapana, Mwalimu. Wewe ni maji ya kunde."

Alicheka kama msichana. "Tangu lini?"

Nikatia alama kisanduku cha nne.

Sikumulika nyuma ya sikio. Ametoka Kabuchai, amebadilisha gari mara mbili, niliona aibu kumwambia arudi wiki ijayo. Nikaweka nguvu ya nne nikaanza. Palinuka kama kuku anayebabuliwa manyoya. Yeye mwenyewe akatania kwamba sasa ni Krismasi. Nilipomvua miwani ya kukinga, macho yalikuwa na machozi. Nikasema ni mwanga. Alinishukuru mara mbili, akatoka mikono ikiwa chini.

Nilifurahi siku nzima. Nimeona niandike hilo pia.

Ijumaa, 24 Aprili

Amepiga simu. "Viola, kidevu kimefura na kinawaka. Ni kawaida?"

"Ni kawaida, Mwalimu. Weka maji baridi."

Jumatatu, 27 Aprili

Amepiga tena. Nimeacha simu ilie.

Alhamisi, 30 Aprili. Bungoma

Nilimwambia tukutane Bungoma mjini, nyuma ya duka la fundi wa nguo ambaye ni rafiki yake. Alikuwa amejifunga leso hadi mdomoni. Alifungua polepole kwa sababu ilikuwa imeshikana na ngozi.

Kile kioo cha mashine kinachobonyezwa kwenye ngozi kina pembe nne. Kidevu chake chote kina alama za pembe nne, moja kando ya nyingine, kama matofali. Mengine yalikuwa malengelenge, mengine yalikuwa yamepasuka na chini yake pekundu. Ningeweza kuhesabu kila mahali nilipobonyeza.

Nikajua saa ileile. Nguvu ya nne kwenye ngozi ya sita. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Na nilichosema ni hiki: "Mwalimu, kuna krimu ulikuwa unapaka?"

Alitazama chini. "Kidogo. Ile ya kutoa madoa ya wembe."

"Basi ndiyo hiyo."

"Nilijua," akasema. "Ni mimi. Mtu mzima na mambo ya urembo." Akajifunga leso. Kisha akanishika mkono akasema pole kwa kuniharibia kazi. Yeye ndiye aliyeniambia mimi pole. Akauliza, "Na umekula?" Akamtuma fundi aniletee chai na mandazi, na mimi nikayala.

Jumatatu, 4 Mei

Wateja wawili. Kisanduku cha nne, wote wawili. Nilishusha nguvu kidogo, nikajiambia huo ni uangalifu.

Jumatano, 20 Mei

Mvua ilinyesha robo saa, vumbi likawa na madoadoa, basi. Mama alipiga kutoka Kabuchai kwamba mahindi yamesimama magotini na yanajikunja. Akasema pia Mwalimu Agneta haonekani kwaya siku hizi, anasema ni jino.

Jumanne, 2 Juni

Hakuna mvua. Jeruto ameongeza neno kwenye kibao: LEZA YA KISASA. Alitaka niandike mimi kwa sababu ya mwandiko. Niliandika.

Alhamisi, 18 Juni. Lugulu

Mwalimu aliniomba nimsindikize hospitali ya misheni. Kuna daktari wa ngozi anayekuja mara moja kwa mwezi, Daktari Hillary, kijana mpole mwenye kikohozi. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mwalimu alikuwa amebeba mahindi ya kuchemsha kwenye karatasi, akanigawia.

Vidonda vimepona. Mahali pa matofali sasa pamebaki meupe, na mawili matatu ni meusi kuliko ngozi yenyewe. Na ndevu zimerudi, zinaota juu ya meupe na meusi pamoja, kwa sababu hawezi tena kupitisha wembe bila kujikata.

Daktari aliuliza, "Nani alikufanyia hii?"

"Mahali fulani Eldoret," Mwalimu akasema. "Jina nimesahau."

"Na huyu?"

"Huyu ni binti yangu. Amenisindikiza."

Huyu mwanamke alinichapa nikiwa darasa la tano kwa kusema uongo kuhusu daftari. Sasa amekaa mbele ya daktari anadanganya kwa ajili yangu, na uso wake hautikisiki.

Daktari alimwandikia dawa ya kupaka, akasema asiende juani bila kujifunika. Rangi nyingine itarudi baada ya miezi, nyingine pengine haitarudi. Mwalimu alipokwenda dirishani kuchukua dawa, nilibaki. Nikamuuliza daktari tofauti ya leza na ile mashine nyingine, kama vile ni udadisi tu.

"Leza ni mwanga wa rangi moja," akasema. "Unaenda njia moja. Kuna leza ya aina fulani unaweza kutumia kwa mtu mweusi, hiyo inapita ngozi inatafuta mzizi wa nywele huko chini. Hiyo mpaka uende Nairobi. Na si kila leza, zingine pia zinachoma. Sasa hii ingine ni taa. Rangi nyingi zinamwagika pamoja, na zinatafuta kitu chochote cheusi. Kama wewe ni mweupe na nywele ni nyeusi, inapata nywele. Kama wewe ni mweusi, inakupata wewe."

Nikauliza kuhusu krimu.

"Krimu pengine iliongeza kidogo. Lakini haikufanya hii. Huyo aliwasha mashine ndiye alikuwa aangalie ngozi." Akakohoa. "Naona mama yako anajilaumu sana. Mwambie asijilaumu."

Nilitembea na Mwalimu hadi barabarani. Alizungumza kuhusu mahindi na kuhusu sherehe. Nilikuwa na maneno ya daktari mdomoni njia nzima. Sikumwambia.

Alhamisi, 25 Juni

Sijamwambia.

Ijumaa, 3 Julai

Leo nilijaribu ukweli kwa mtu mwingine, kwa kuwa kwa Mwalimu nimeshindwa. Mama mmoja wa benki alinyosha kidole kwenye kisanduku cha tatu. Nikamwambia, "Mama, wewe ni wa sita. Hii mashine haikufai."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Ati mimi ni wa ngapi?" Alichukua mkoba akaenda. Jeruto alinifokea hadi jioni. Alisema nikitaka kuhubiri nitafute kanisa. Sikuumia kwa kufokewa, ila niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Sentensi mbili, mtu akaondoka na ngozi yake. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshaweka kidole mahali pake, hata sentensi mbili hakuzihitaji.

Jumatatu, 13 Julai

Chemutai wa viatu alirudi. Mashavu yake yana alama za pembe nne. "Sasa, Viola. Hii uso inaendelea aje? Si ulisema madoa itatoka? Sasa nimekuwa na madoa ya mraba." Alijaribu kutania, lakini sauti haikumfuata.

Nilifungua mdomo. Jeruto, aliyekuwa akisuka mteja, akasema bila kugeuka, "Muulize kama anapakanga krimu."

Kumbe krimu ni kisingizio chetu sote. Nilijiona nilivyokuwa Bungoma, nyuma ya duka la nguo, na nikachukia ile sura. Nikamwambia Chemutai akae nje ya jua na aende Lugulu kwa daktari wa ngozi. Sikumwambia kwa nini. Nusu ya ukweli, kwa sauti ya chini. Huyo ndiye mimi.

Jumapili, 19 Julai

Sijamwambia. Hakuna mvua.

Ijumaa, 31 Julai. Kabuchai

Sherehe ya Mwalimu.

Turubai, kwaya, wali na kuku. Wanafunzi wake wa zamani walitoka mbali, wengine wana vitambi na watoto. Mwalimu alikaa mbele na leso imezunguka kichwa na kidevu, katika joto lile, jasho likimtiririka. Kwa kila aliyeuliza alisema jino. Nilikaa mwisho kabisa, karibu na sufuria.

Mpiga picha akafika. Mwalimu mkuu, mtu wa kelele nyingi, akasema, "Mwalimu, si utoe hiyo leso kidogo tuone sura? Hii picha ni ya kuweka ofisini." Watu wakapiga makofi. Mwalimu alitikisa kichwa. Mwalimu mkuu akanyosha mkono kumsaidia, kwa mapenzi tu, na Mwalimu akashika leso kwa mikono miwili kama mtu anayeibiwa. Makofi yakaisha.

Ndipo mtu mmoja nyuma akaita, "Pozi ya Mwalimu!" Wote wakacheka, wakafurahi kupata njia ya kutoka. Wakajipanga nyuma yake, watu wazima arobaini na zaidi, na kila mmoja akashika kidevu. Makarani, wauguzi, wakulima wa miwa, wote mkono kidevuni, kwa heshima yake. Yeye mbele yao, mkono juu ya leso. Wanampenda, na hakuna aliyejua anachofanya.

Mimi nilivutwa mstari wa mwisho. Mikono yangu ilining'inia, sikuweza kuiinua. Katika picha hiyo mtu pekee ambaye mikono yake iko chini nitakuwa mimi.

Ijumaa, 7 Agosti

Mabwawa yamekauka na stima sasa ni ya zamu. Leo hakukuwa na stima kabisa, mashine imekaa pembeni imefunikwa. Nilikitoa kibao mlangoni. Jeruto akauliza nafanya nini. Nikamwambia hatuna leza, hatujawahi kuwa nayo, na ukurasa wa tisa uko palepale ulipokuwa Aprili. Akasema basi niende na kibao changu. Nikachukua kibao, na fomu kumi na saba zenye mwandiko wangu.

Nilitaka kuandika kwamba nilijisikia mwepesi. Nilijisikia mtu asiye na kazi, na bado nilikuwa sijamwambia.

Jumamosi, 15 Agosti. Kabuchai

Nilimkuta Mwalimu nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi, vigunzi vifupi kama vidole. Alikuwa peke yake na leso iko mabegani. Aliponiona hakujifunika. Nadhani alikuwa amechoka kujifunika mbele yangu.

Nilimpa fomu yake. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kama tulivyokuwa tukisimama darasani. Kwamba haikuwa leza, nilijua tangu siku ya kwanza, na kibao niliandika mimi. Kwamba kitabu kilisema kisanduku cha sita kisiguswe. Kwamba sikumjaribu nyuma ya sikio. Kwamba krimu haikuwa sababu, na daktari alinituma nimwambie asijilaumu, na ujumbe huo nimetembea nao miezi miwili.

Aliendelea kupukuchua hadi kigunzi kikaisha. Kisha akavaa miwani, akaisoma fomu yote, juu hadi chini. Kuku walikuja kula mahindi miguuni pake na hakuwafukuza.

"Viola. Mimi ni rangi gani?"

Hata pale, nilihisi lile neno lingine likija mdomoni lenyewe, kwa mazoea.

"Mweusi, Mwalimu."

"Mweusi aje?"

"Mweusi kabisa. Kisanduku cha sita."

"Basi." Akakunja fomu. "Hiyo tu ndiyo ungeniambia. Ningerudi nyumbani na wembe wangu, ningekuwa sawa." Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ya chini, ambayo tuliiogopa kuliko fimbo. "Nimeomba Mungu msamaha tangu Aprili kwa kosa yako. Kila asubuhi. Unajua hiyo?"

Nililia. Hakunibembeleza, na nilifurahi kwamba hakunibembeleza.

Akauliza fomu nyingine ziko ngapi. Nikasema kumi na sita. Akauliza nitaanza na nani. Nikasema Chemutai, Jumatatu.

Kisha akaingia ndani. Nilidhani nimefukuzwa, nikachukua mkoba. Akarudi na karai la maji ya vuguvugu, sabuni, kioo na wembe mpya kwenye karatasi yake. Akakaa kwenye kiti, akaegemea nyuma.

"Mimi siwezi tena. Mahali peupe na mahali peusi, macho yangu inachanganya, najikata. Wewe ulipachora, wewe unapajua."

"Mwalimu, umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Osha mikono."

Nikaosha. Nikampaka povu. Nilinyoa polepole, tofali moja baada ya jingine, nikifuata mipaka niliyoiweka mwenyewe. Alifumba macho. Mikono yake yote miwili ilikuwa imelala mapajani, na ilikaa hapo hadi nilipomaliza.

Jumamosi, 22 Agosti

Kabuchai tena. Imenyesha tangu asubuhi, wakati hakuna tena cha kuota. Chemutai nilimwambia Jumatatu; hataki kuniona tena, na ana haki. Nilibeba wembe mpya. Mwalimu aliniambia nisogeze kiti karibu na mlango, kwenye mwanga.